Lango la Shule Kwenye Kompyuta

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Nuriat alitupa madaftari mkobani na kukimbia hadi darasa la kwanza kumshika mkono mdogo wake, Najibu. Shule yao pale Rwamishenye ilikuwa na lango moja tu, na saa ya kutoka watoto walibanana pale kama ndizi kwenye mkungu. Nje, baba yao, Mzee Burhani, aliwasubiri juu ya bodaboda yake.

Siku moja Nuriat alichelewa kidogo. Najibu akasukumwa, akaanguka, akafika kwa baba yake na kiatu kimoja na pengo mdomoni. Jino lilikuwa la utoto, lakini machozi yalikuwa ya kweli.

"Ukuta uvunjwe!" Mzee Burhani alifoka. "Shule hii inahitaji lango la pili, kabla mtoto hajavunjika mguu."

Kamati ya shule ikaitisha mkutano wa wazazi siku ya Jumamosi. Mwalimu Clavery, aliyehamia kutoka Muleba na kuanzisha klabu ya kompyuta, aliwapa Nuriat na rafiki yake Sahil kazi ya kuandaa maonyesho ya jinsi lango la pili litakavyosaidia. Alikuwa na programu inayoigiza mwendo wa watu. Unachora ukuta, lango na njia, kisha unaingiza nukta ndogo, kila nukta mtu mmoja. Nukta hizo hutembea, hukwepana na hukwama kama watu wenyewe.

"Msichore kila kitu mahali pamoja," Mwalimu aliwaonya. "Fikirieni karatasi nyembamba zilizolaliana. Ukuta una karatasi yake, miti yake, pikipiki yake. Kila karatasi ni tabaka. Lipeni kila tabaka jina lake, ili mkilizima moja, mengine yabaki."

Basi, Nuriat alikuwa hodari wa kuchora na mvivu wa kupanga, na watu wa namna hiyo tunawajua. Alichora ukuta, malango mawili, miti, wauza karanga na pikipiki, vyote kwenye tabaka moja; nukta za watoto programu iliziweka yenyewe juu yake. Sahil, aliyezoea kupanga bidhaa kwenye duka la babu yake kule Miembeni, alikuna kichwa.

"Kwa babu, misumari haikai na sukari," alisema.

"Wewe kapange duka, mimi nachora," Nuriat alimjibu huku akicheka. "Si unaona zinatembea?"

Kweli zilitembea. Jumamosi wazazi walipoziona nukta zikimulikwa na projekta kwenye ukuta wa ukumbi, zikitoka kupitia malango mawili, walipiga makofi. Mama Adventina, muuza karanga wa pale langoni, alisogea mbele.

"Waitu, jamani, hata mimi nimo?"

"Umo, mama," Nuriat alimjibu. "Wewe ni ile nukta ya njano."

"Yesu wangu! Na kapu langu!"

Mwenyekiti wa kamati, Bi Hafidha, hakucheka. Alivaa miwani yake vizuri. "Tumeona malango mawili. Sasa ondoeni lile la pili tu, tuone tofauti. Ukuta hauvunjwi kwa kubahatisha."

Nuriat alikwenda kwenye orodha ya matabaka. Lilikuwa moja tu. Kwa kubabaika akalizima hilo hilo. Mara ukuta ukayeyuka, malango yakatoweka, Mama Adventina akapotea na kapu lake, na nukta za watoto zikatapakaa kwenye weupe mtupu, kila moja njia yake.

"Jamani, watoto wameenda Uganda!" mtu alipaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bi Hafidha alianza kukusanya karatasi zake. Mkutano ungevunjika hivi, Najibu angeendelea kusukumwa pale langoni kila siku.

"Sema programu imeharibika," Sahil alimnong'oneza kwa huruma.

Ilikuwa njia rahisi, naye aliitamani. Lakini Mwalimu Clavery alikuwa amesimama palepale, na aibu ya kuisingizia programu ya mwalimu ubovu ilimshinda.

"Programu ni nzima," alisema. "Mimi nilirundika kila kitu kwenye tabaka moja, na Mwalimu alinikataza. Naomba mnywe chai kwanza, nami nitapanga upya."

Bi Hafidha alirudisha karatasi zake mezani. "Haya. Lakini chai ikiisha, subira yangu nayo imeisha."

Wakainama juu ya kompyuta. Sahil alitaja kitu, Nuriat akakihamisha: Ukuta. Lango la Pili. Miti. Wauzaji. Pikipiki. Walipomaliza, vikombe vilikuwa bado vina moshi.

Nuriat alizima Lango la Pili. Safari hii ukuta ulibaki, na nukta zikasongamana kwenye lango moja hadi zikaacha kusogea.

"Nitoeni na mimi," Mama Adventina aliomba, "nijue kama karanga zangu ndizo mchawi."

Nuriat alizima Wauzaji. Msongamano ulibaki vilevile.

"Mmeona? Mimi simo!" Mama Adventina akapiga kigelegele.

"Na pikipiki je?" aliuliza Sahil.

Tabaka la Pikipiki lilipozimwa, nukta zilichuruzika nje kupitia lango lile lile moja, kama maji baada ya kuzibua bomba. Macho yote yakamgeukia Mzee Burhani, ambaye kila siku alijitahidi kufika wa kwanza, akaegesha katikati kabisa ya lango.

Mzee Burhani akasimama polepole. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe mchawi wa mwanangu ni mimi mwenyewe!"

Vicheko vilitikisa mabati. Palepale walikubaliana kwamba ukuta usiguswe, na pikipiki zote zisubiri kwenye kona ya uwanja wa mpira.

"Mnaona wanangu," Mwalimu Clavery alisema, "mambo yakirundikwa pamoja, kosa hujificha humo humo. Yapange, nalo litajitokeza lenyewe."

Jumatatu watoto walitoka wakiimba. Najibu alipita langoni akirukaruka, viatu vyote viwili miguuni, hadi kwenye kona ya uwanja alikosubiri baba yake. Mzee Burhani alimbeba juu ya pikipiki, halafu akamwekea Nuriat mkono begani.

"Siku ile ulipokiri kosa lako mbele ya watu, niliona aibu kwa ajili yako," alisema. "Leo nakushukuru, mwanangu. Ungelificha lako, mimi ningevunja ukuta wa shule na kosa langu ningeliacha limesimama langoni."