Pasi Iliyopita Kichwani mwa Wifi

Asubuhi hiyo saluni ilifunguliwa kama kawaida. Msusi alifagia, akafuta kioo, kisha akaitoa pasi ya nywele kwenye droo na kuyakagua mabapa yake kwenye mwanga wa dirisha. Kwa pasi ile alikuwa na masharti kuliko mganga. Haishikwi na mkono wenye mafuta. Haipiti kwenye nywele zenye majimaji. Kabla ya kugusa kichwa cha mtu, inabanwa kwanza kwenye karatasi nyeupe, na karatasi ikibadilika rangi, moto unapunguzwa. Ikimaliza kazi inaachwa ipoe, inafutwa kwa kitambaa chenye spiriti, na waya wake unakunjwa kwa ulegevu usije ukakatikia ndani. Wateja walimcheka, lakini walirudi, maana hakuna aliyewahi kutoka pale na nywele zilizoungua.

Mtu mmoja alikuwa ameapa kutokikalia kiti chake: wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Hao wawili hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya harusi. Wifi aliwatangazia ndugu wote kwamba mdogo wake kalishwa kitu, si bure, na kwamba mikono ya mwanamke yule haitagusa kichwa chake abadani. Alisema hivyo sebuleni, mbele ya wageni, huku akimkodolea macho msusi. Msusi alikusanya vikombe, akaenda kulia jikoni. Tangu siku hiyo alimchukia, tena chuki ya kweli, ya kulala nayo na kuamka nayo.

Basi wifi akaugua, akafa. Ndugu walitaka alazwe jenezani akiwa nadhifu, na katika ukoo mzima mwenye ujuzi huo alikuwa mmoja tu. Msusi alikubali upesi, kiasi cha kuwashangaza.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mama mtu mzima ambaye bado alikuja saluni kila siku, na wateja walimwita Bibi Draya kwa vile alipenda kusinzia chini ya ile mashine ya kukaushia nywele. Alimpa pasi kuukuu iliyokuwa kabatini.

"Nenda na hii," alimwambia. "Ukimaliza, iache hukohuko. Pasi ya maiti hairudi saluni."

Wasusi wote wa mtaa ule waliishika desturi hiyo. Msusi aliitikia, akaificha pasi kuukuu nyuma ya mlango, akaenda na yake nzuri. Alitaka waombolezaji wote waione kazi ya mikono iliyokataliwa.

Kule chumba cha maiti, nywele, nyeusi tii kwa piko la kuficha mvi, zilikuwa zimeoshwa lakini hazijakaushwa. Aliliona hilo. Lakini gari lilikuwa linasubiri, na hasira nayo ina haraka zake. Akabana. Pasi ikalia ssss, mvuke ukapanda. Akabana tena, safari hii karibu mno na sikio la kushoto, akaona ngozi ikijikunja, akaifunika kwa nywele. Kisha akainama na kunong'ona, "Sasa kataa."

Alitoka mle ndani akitabasamu.

Pasi yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa ameishika asubuhi ile, siku ya kwanza kufungua baada ya msiba. Alikwisha kuisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya jirani. Nywele zake zilikuwa kavu kabisa, na karatasi ya kupimia ilibaki nyeupe. Msusi akachukua fungu moja la nywele utosini, akabana.

Ssss.

Mvuke ukapanda. Mwalimu akauliza mbona kuna maji. Msusi akapapasa zile nywele; hazikuwa na hata unyevu. Akaifungua pasi. Matone yalikuwa yakitembea juu ya mabapa ya moto na hayakukauka. Akayagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa ya baridi.

Papo hapo mwalimu akalishika sikio lake la kushoto, akilia kwamba kaunguzwa. Pasi ilikuwa bado juu ya utosi.

Mteja aliyefuata aliungua sikio lilelile. Hakuna mwingine aliyekubali kukaa.

Bibi Draya alikuwa macho kabisa. Aliishusha sauti yake.

"Ulirudi nayo."

"Niliisafisha."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

Yule mama hakumwamini. Alimwamuru aitoe pasi nje kabla mtoto hajarudi kutoka shule. Maana msusi alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alifanana na shangazi yake mno. Shangazi enzi za uhai wake hakuchoka kusema kwamba yule mtoto ni damu yake yeye. Mama yake, alisema, alimbeba tu tumboni. Msusi aliyakumbuka maneno hayo. Aliizungushia pasi gazeti, akaitumbukiza kwenye pipa la taka nyuma ya saluni, kisha akaenda kumpokea mwanawe njiani. Bibi Draya naye akaenda kula.

Mtoto alipita njia nyingine. Wakapishana.

Msusi alirudi mbio. Jua lilikuwa la utosi. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Kutoka ndani, ssss.

Binti alikuwa kwenye kiti, mbele ya kioo, mikono mapajani. Nywele za upande wa kushoto zilikwisha kunyooka hadi begani. Pasi ilikuwa hewani, kando ya kichwa chake. Hakuna aliyeishika. Waya wake ulining'inia, haukuchomekwa popote.

"Mama, usimkatishe," mtoto alinong'ona. "Shangazi amebakiza upande mmoja."

Msusi alipiga magoti. Aliomba radhi. Alisema yote, hata lile aliloliambia sikio la maiti. Alilia. Pasi ikatulia. Ikasikiliza.

Kisha ikabana fungu lingine.

Hapo aliacha kuomba. Akaruka, akayakamata mabapa kwa kiganja kitupu. Nyama ikaungua. Hakuachia. Akamsukuma binti kwa bega mpaka nje. Kitu kilimvuta nywele kwa nyuma. Hakugeuka.

Bibi Draya ndiye aliyeiokota pasi sakafuni na kuitupa kwenye choo cha shimo. Saluni ikafungwa. Kiganja cha msusi kilipona kikiwa kimejikunja, hakishiki tena kitana. Hakulalamika. Mwanawe alikuwa mzima, anakula, anacheza, na yeye hakutaka zaidi ya hapo.

Ila nywele za upande ule waliziosha, zikabaki zimenyooka. Wakampeleka mtoto kwa kinyozi, akanyoa kichwa chote. Upande wa kulia ukaota nywele za mtoto. Wa kushoto ukaota kwa kasi, umenyooka, mpaka ikabidi warudi kwa yuleyule kinyozi. Naye, asiyejua habari yoyote, alizipekua zile nywele, akazinusa, akapekua tena. Ncha zilikuwa nyeusi tii. Mashina yalikuwa na mvi. Alimvuta msusi pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, mtoto mdogo namna hii anapakwa piko la nini.