Mashimo Kumi na Manne

Ukungu uliwakuta wamemaliza kung'oa nguzo ya kumi na nne. Haukuja taratibu, jamani. Ulipanda kutoka korongoni kama maziwa yanayofurika sufuriani, na kabla fundi hajaivuta kofia yake masikioni, mlima wote ulikuwa umefutika.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mkarabati wa vibanda na njia za wageni hifadhini. Aliyekuwa naye ni mume wa mdogo wake, mtu wa maneno mengi, ambaye kazini walimwita Kasuku. Asubuhi hiyo walikuwa wamepaka rangi ya njano nguzo mpya kumi na nne za kuonyesha njia, wakaziegemeza kwenye ukuta wa kibanda zikauke. Utaratibu wa kazi ni kung'oa moja, kusimika moja. Lakini fundi alisema, "Rangi inakauka, sisi tumekaa tunaitazama? Twende tung'oe za zamani zote, tukirudi tunasimika." Basi wakatoka kibandani kuelekea mgongo wa mlima, wanang'oa kila hatua hamsini, na mbao zilizooza Kasuku anazitupa korongoni huku akiziaga moja moja.

Sasa kati yao na kibanda hakukuwa na alama yoyote. Mbele nguzo zilikuwepo, ila zilielekea kibanda kingine, mwendo wa siku nzima.

"Tukae hapa hapa, utapita," fundi alisema.

"Shemeji, mimi nimeumia."

Nguzo ya mwisho ilikuwa imevunjika akiing'oa, na mtaimbo ukamrudi mguuni. Chini ya goti suruali ilikuwa imechanika, na kiatu kimejaa damu. Fundi alifungua kitambaa chake cha shingoni, akakikaza juu ya jeraha mpaka Kasuku akang'ata kola ya shati. Damu ilipungua, haikukata. Mvua ya baridi ikaanza. Fundi aliiona midomo ya shemeji yake inageuka rangi ya majivu, akajua kukaa pale ni kumuua. Na nani alisema waziondoe zote? Yeye. Mdogo wake angemwambia nini?

Walikuwa na kamba ya kupimia, urefu wake hatua hamsini kamili.

"Jifunge ncha hii kiunoni, tia miguu shimoni, ujikaze," alisema. "Mimi nakwenda na hii nyingine. Ikinyooka, nazunguka nayo mpaka nilipate shimo linalofuata."

"Na ukilipata korongo?"

"Utanisikia."

"Hilo nalo ni jibu, shemeji?"

Alitambaa kwa mikono na magoti, akipapasa matope. Mashimo yalikuwa yamejaa maji, hayana tofauti na vidimbwi vingine mpaka uzamishe mkono hadi kwenye kiwiko. La kumi na tatu akalipata. Akaivuta kamba mara mbili, Kasuku akajikokota hadi alipo. La kumi na mbili, la kumi na moja.

Walipokuwa wakitafuta la kumi, mkono wake ulikwenda mbele ukakosa ardhi. Jiwe lilichomoka chini ya kidevu chake. Alisubiri kulisikia likitua. Hakulisikia.

"Kasuku," alinong'ona, "usilegeze."

"Sijalegeza. Rudi kinyumenyume. Polepole, shemeji, polepole."

Kwenye shimo la sita alivuta kamba mara mbili, ikatulia. Aliita. Yule mtu ambaye hajawahi kunyamaza alikuwa kimya. Fundi alisimika mtaimbo shimoni asilipoteze, akaifunga kamba hapo, akaifuata kurudi. Alimkuta kalala kifudifudi. Akamgeuza, akamvika koti lake, akampiga kofi.

"Sema kitu! Nitukane basi!"

Jicho moja lilifunguka. "Una mkono mzito wewe."

Kuanzia hapo alimbeba mgongoni, shimo hadi shimo, akimlaza kando ya mtaimbo kila alipokwenda kutafuta. Baada ya shimo la kwanza paji lake la uso liligonga kitu kigumu. Ulikuwa ukuta wa kibanda.

Akawasha moto, akamfunga bandeji, akaita ofisini kwa redio.

"Barabara ya chini imekatwa na maji," sauti ilimjibu. "Wabebaji watapitia mgongoni mwa mlima, watakufikia kesho. Si watafuata nguzo? Fundi, unanisikia?"

Fundi alifumba macho. "Watazikuta," akasema.

"Usitoke tena," Kasuku alimwambia. "Shemeji, nakuomba."

Alifunga kamba kwenye komeo la mlango, akajitwisha nguzo mbili, akatoka. Alisimika mpaka giza lilipomrudisha, na kulipopambazuka akaendelea. Hofu haikupungua hata kwa nguzo moja. Pale kwenye shimo la kumi alilala kifudifudi kwa muda, ndipo akaweza kupiga magoti na kushindilia mawe.

Saa sita mchana, ukungu bado mzito, mlango uligongwa. Wanaume sita walisimama nje na machela, wamelowa.

"Mmepitaje?" fundi aliuliza.

"Tumefuata nguzo, mama," kiongozi wao alisema, akijifuta viganja vya njano kwenye suruali. "Ila muwaambie mafundi wenu wasubiri rangi ikauke."

Fundi akakaa chini mlangoni, akalia kwa sauti kama mtoto, na wale wanaume wakatazamana.

"Mwacheni," Kasuku alisema kutoka kitandani. "Mwacheni alie, kisha mumbebe yeye kwanza."