Beseni la Mlangoni

Redio ilisema kimbunga kingefika usiku na umeme ungekatika siku kumi. Mimi, Pei-chun, nilihangaika tangu mchana. Mama mkwe wangu, Bibi A-Lan, alijiandaa kwa kukaa na kunung'unika. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza.

Jioni jikoni kulikuwa na giza, nikakunjua meza mlangoni, upande wa barabara, nipate mwanga wa kupanga vitu. Niliweka makopo sita ya maziwa ya Ning-ning, binti yangu wa miezi mitano. Maziwa yangu ya kifuani yalikuwa yamekauka, hakuwa na chakula kingine. Nikaongeza tambi za pakiti, biskuti na samaki wa kopo. Pampu ingezimika na umeme, kwa hiyo nikajaza maji beseni, nikalitundikia taulo jipya. Nikawasha mishumaa miwili kuijaribu. Mbu walikuwa wengi, nikawasha dawa ya moshi ya kuwafukuza.

Bibi akatoka, akaganda.

"Beseni na taulo umemwekea nani?" akanong'ona.

"Nani tena, Mama? Sisi."

"Mwezi wa saba wa kalenda ya wazee huu, wanapoachiwa kutembea! Hivi ndivyo tunavyowaandalia ndugu wema. Chakula mlangoni, moshi, maji ya kunawa kabla ya kula. Umewaita, mwanangu. Wachomee zile karatasi za pesa zao za huko, waende."

Ndugu wema! Wafu, anaogopa hata kuwaita wafu, eti watakasirika. Mwanamke mzima na mvi zake.

"Wakishakula waambie waoshe vyombo," nikamjibu, nikaingia ndani kumchukua mtoto.

Umeme ukakatika.

Upepo wenyewe ulikuwa haujafika.

Chubwi... chubwi... Ilitoka mlangoni, kama mtu anayenawa uso, taratibu, bila haraka.

"Paka huyo," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Mishumaa ilikuwa imezimika. Taulo lilikuwa limelowa chapachapa, linanuka mwani uliooza. Nikashika kopo la maziwa. Jepesi. La pili, jepesi. Nikatikisa yote sita: matupu, na hakuna hata moja lililokuwa limefunguliwa.

Niliogopa, siwezi kudanganya.

Bibi alichoma karatasi zake huku akilia, lakini mvua ikashuka na kuzizima zote.

Asubuhi mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara, dukani hakufikiki. Nilipita nyumba zote saba za mtaa wetu, kwa majirani wale wale ninaowacheka kila mwaka kwa udi wanaowachomea wafu. Hakuna aliyekuwa na maziwa. Nikarudi nimejiandaa kumsikia mwanangu akilia njaa.

Hakulia. Hata kesho yake. Siku ya tatu alicheua kwa shibe, na mashavu yamejaa.

"Walikula kwako," Bibi akanong'ona. "Sasa wanamlisha wako."

Umeme ulirudi siku ya tisa, na maziwa yakaletwa. Nikampa Ning-ning chupa. Akaitema. Magharibi ilipoingia akageukia mlango, akafungua kinywa... akaanza kumeza.

Mwezi wa saba umekwisha zamani. Usiku mmoja tu niliacha kuweka beseni na taulo, na mwanangu alilia kwa njaa mpaka akapoteza sauti. Tangu hapo naliweka mwenyewe kila jioni, maji safi, taulo jipya. Bibi hulianika taulo la jana. Natamani angalau angenicheka, kama nilivyomcheka.