Kibandiko cha Buluu

Kila siku, Kengele alipotoka shuleni, alivua sare, akala, kisha akaenda kumsaidia mama yake karakanani, chumba cha mbele cha nyumba yao. Mama alikuwa fundi wa kutengeneza spika. Alikata mbao, akagundisha, akalehemu nyaya, kisha akaketi mbele ya kila spika na kuisikiliza akiwa amefumba macho. Akisikia mkwaruzo mdogo, hata kama wa mguu wa mende, aliifungua upya. Mtaa mzima ulimwita Mama Sikio. Na bintiye aliitwa Kengele kwa sababu hakujua kunong'ona.

Kazi ya Kengele ilikuwa kubandika kibandiko cha buluu nyuma ya kila spika iliyokamilika. Kibandiko hicho kilimwambia mnunuzi kwamba spika za aina hiyo zimepimwa na ofisi ya ukaguzi, na ni salama. Kweli, spika ya kwanza ya mama ilipimwa ikafaulu. Lakini miezi mitatu iliyopita transfoma za zamani, vile vifaa vya ndani vya kupunguza nguvu ya umeme, ziliadimika, naye akaanza kutumia nyingine, ndogo na nyepesi. Sheria ilisema wazi: ukibadilisha kitu ndani, unarudi kupimwa. Na foleni ya kupimwa ilikuwa ya wiki sita.

"Mama, hizi mpya si hazijapimwa?" Kengele aliwahi kuuliza.

"Zimepimwa na hili hapa," mama alijibu, akijivuta sikio. "Sikio langu halijawahi kunidanganya. Bandika, mwanangu."

Kengele akabandika.

Alasiri moja ya mvua, mkaguzi alipiga hodi. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliigeuza spika moja, akasoma kibandiko.

"Hii ni ile ile tuliyoipima, au kuna kilichobadilika ndani?"

Mama alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza. Kengele akaiona mikono yake ikitetemeka. Mikono ile ile isiyotikisika ikishika pasi ya kulehemu!

"Ni ile ile!" Kengele alidakia. "Hakuna kilichobadilika. Vibandiko nabandika mimi mwenyewe!"

Mkaguzi alimtazama, kisha akamtazama mama. "Haya. Nitakuwa hapo kwa jirani yenu, fundi redio."

Alipotoka, mama hakumsifu Kengele wala hakumkaripia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nenda kamchukue mdogo wako."

Mdogo wake alikuwa shule ya chekechea, mwisho wa mtaa. Huko pia kulikuwa na spika ya mama, iliyonunuliwa mwezi uliopita. Kengele alimkuta mdogo wake ameiegemea kwa mgongo, miguu mitupu, na juu ya spika zimepangwa soksi mbichi za watoto.

"Dada, spika ya mama ni kiboko! Inatukaushia soksi!"

Mwalimu akacheka. "Sauti yake tamu kama siku ya kwanza. Siku hizi inapata joto kidogo, tukasema afadhali, baridi hii imetuonea."

Kengele aligusa nyuma ya spika, akaurudisha mkono upesi. Kibandiko alichokibandika kwa kidole chake kilikuwa kimekunjamana, kingo zimegeuka kahawia. Na spika bado iliimba, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja.

Akachomoa plagi. Akamshika mdogo wake mkono, wakakimbia mvuani, soksi zake wakiwa wamezikamata.

"Mama! Ile ya chekechea inakaribia kuungua! Inaungua na inaimba vizuri!"

Mama aliketi kwenye kigoda. Alimtazama mwanawe mdogo, akampapasa mgongo. Kisha akainuka.

"Twende."

Fundi redio aliwaona wakiingia dukani kwake. "Leo Mama Sikio kaja kununua redio! Ama kweli dunia ina mambo."

Hakuna aliyecheka. Kengele alisogea mbele ya mkaguzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanong'ona.

"Sikukusikia, mjukuu wangu."

"Nilikudanganya. Transfoma zimebadilishwa."

"Alinisitiri mimi," mama alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Spika kumi na moja zimeshatoka."

Mkaguzi alivaa miwani, akaandika. Mama angelipa faini. Asingeuza spika hata moja mpaka zipimwe, na zile kumi na moja angezirudisha zote. "Ningeyagundua haya mwenyewe," alisema, "ningekifunga kiwanda chako kidogo moja kwa moja. Umekuja kwa miguu yako. Hilo nimeliandika pia."

Siku mbili walipita nyumba kwa nyumba na mkokoteni wa fundi redio. "Sasa ni Mama Mkokoteni!" fundi huyo alitania, lakini mlimani ni yeye aliyesukuma. Mama alitafuta transfoma kubwa zaidi, akatoboa matundu ya hewa nyuma ya kila sanduku, akajiunga na foleni. Wiki sita baadaye spika iliwashwa maabarani kwa wakaguzi kutwa nzima, ikabaki baridi.

"Sasa soksi tutakaushia wapi?" mdogo wake aliuliza, wote wakacheka.

Mama alimkabidhi Kengele kibandiko kipya cha buluu.

"Sikio langu linasikia mguu wa mende," alisema, "lakini halisikii moto. Nilijivunia nilichokijua, nikasahau nisichokijua. Kupimwa na wengine si kudharauliwa, mwanangu. Kisogo chako anakiona mwenzako." Akamvuta karibu. "Na siku nyingine ukiniona natetemeka, usinisaidie kwa uongo. Nishike mkono."

Kengele alikibandika kibandiko taratibu, akakilaza kwa kidole gumba, pembe hadi pembe. Kisha akanyoosha mkono wake mwingine, akaushika wa mama.