Nani Aliyeichosha Kompyuta ya Mama?

Akirudi kutoka shuleni, Cheche alikuwa na mazoea yake. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akala chakula alichowekewa mezani chini ya kawa, kisha akavuta kiti cha plastiki na kuketi nyuma ya Mama kumtazama akichora. Cheche halikuwa jina lake la darasani. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu hakujua kutulia wala kunyamaza.

Mama alikuwa mchora ramani za nyumba. Ofisi yake ilikuwa pembe ya sebule, karibu na dirisha: meza ndefu, kompyuta, rula za kila namna, na chini ya meza lile sanduku jeusi la kompyuta lililovuma siku nzima kama nyuki. Watu walimjia wakiwa na kiwanja kitupu na maneno mengi, wakaondoka na karatasi yenye milango, madirisha na vipimo. Cheche alipenda kuona kuta zikiota kwenye kioo, mstari mmoja baada ya mwingine.

Siku hiyo hazikuota. Mama alibofya faili ya ramani ya zahanati, ambayo mjenzi alikuwa akiingoja, na kompyuta ikaanza kuwaza. Kiduara kikazunguka. Taa ndogo ya diski kwenye sanduku ikawaka bila kupepesa. Mama akaenda jikoni, akachemsha chai, akarudi na kikombe mkononi. Kiduara bado kilikuwa kinazunguka.

Cheche akauliza kama jana ilikuwa hivyo pia. Mama akajibu kwamba jana ilikuwa hivyo, na juzi, na kila siku hali ilizidi. Kufungua kulichukua muda, kuhifadhi kulichukua muda, hata kuzima kulikuwa kazi. Angesema ni uzee, lakini kitu hakizeeki ghafla hivyo. Akanywa chai yake, kisha akasema polepole, macho yakiwa kwenye kioo, "Kuna mtu anaichezea nikitoka."

Hakumtaja mtu. Lakini Cheche alihisi maneno yale yakimtua mgongoni. Ni kweli alikuwa na michezo miwili mitatu mle ndani, na aliicheza kwa ruhusa, siku za Jumapili tu. Tangu hapo kila Mama alipoguna mbele ya kompyuta, Cheche aliona kama anaguniwa yeye. Akaamua kwamba kama mkosaji hajulikani, basi yeye atamtafuta.

Hakutafuta mbali. Baba alikuwa kwenye kazi ya barabara na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Aliyebaki ni Mjomba.

Mjomba alikuwa mdogo wake Mama. Aliendesha lori kwa miaka mingi, mpaka kampuni yake ilipofungwa, ndipo akaja kukaa nao katika chumba kidogo kilicho karibu na stoo. Zamani alikuwa mtu wa mizaha. Sasa alizungumza kidogo, na asubuhi alingoja Cheche aende shule na Mama atoke kwenda kupima viwanja ndipo atoke chumbani. Cheche hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Sasa alilifikiria, na kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyonuka.

Siku moja walimu walikuwa na kikao na wanafunzi wakaachiwa mapema. Cheche alipita mlango wa nyuma akinyata. Akamkuta Mjomba mbele ya kompyuta, ameinama, pua karibu iguse kioo. Mjomba alipohisi mtu nyuma yake, alifunga alichokuwa akikitazama, akachomoa flashi nyekundu na kuitia mfuko wa shati. Akamuuliza Cheche mbona amewahi. Cheche akasema kikao. Mjomba akasema vizuri, akaenda chumbani kwake.

Kuanzia hapo Cheche hakumwacha apumue. Aligundua kwamba siku nyingine kipanya kilikutwa upande wa kushoto wa kibodi, na nyumba nzima ni Mjomba peke yake aliyetumia mkono wa kushoto. Aliona kiti cha Mama kimeshushwa. Kisha alasiri moja, akianua nguo, alimsikia Mjomba nyuma ya ukuta akizungumza kwa simu kwa sauti ya chini. "Bado sijazipata zote," alisema. "Nikizipata nitakuja. Dada asijue kwanza."

Cheche alisimama na shuka mkononi. Zote nini? Na kwa nini Mama asijue? Hakuwa na jibu, lakini alikuwa na hamu kubwa ya kuwa nalo.

Alipomsimulia Mama, alianza na kweli: flashi, kipanya, kiti, simu. Mama alisikiliza huku akiendelea kukunja nguo, na Cheche akaona kwamba maneno yake hayajaingia. Ndipo akaongeza moja. Alisema, "Alisema anazipeleka ramani, Mama. Hajazipata ramani zote."

Mikono ya Mama ikasimama.

Hakulala na jambo hilo. Aliweka neno la siri kwenye kompyuta jioni ile ile. Walipoketi kula, alimuuliza mdogo wake anafanya nini kwenye mashine yake wakati yeye hayupo, na ana nini kwenye flashi. Mjomba aliacha kutafuna. Alimtazama dada yake, akamtazama Cheche, na Cheche akakodolea macho sahani yake kana kwamba ilikuwa na maandishi.

"Unaniuliza au umeshanijibu?" Mjomba akasema.

Mama akasema kwamba kazi za watu ni amana, na kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba hakubisha. Alinawa mikono, akashukuru kwa chakula. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa, shuka limenyooshwa. Mtaani ilisemekana yuko kwa rafiki yake fundi wa matairi, analala humo humo karakanani.

Cheche alitegemea kwamba sasa mambo yatanyooka. Mwizi ameondoka, kompyuta imefungwa kwa neno la siri, Mama anajua kwamba bintiye hana kosa. Mama akawasha kompyuta. Kiduara kikazunguka. Chai ikachemshwa, ikanywewa, ikaisha. Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi: ramani ya zahanati ilikataa kabisa kufunguka mpaka alipojaribu tena na tena, na mjenzi alipiga simu akiuliza, kwa adabu lakini si kwa adabu nyingi, kama atafute mchoraji mwingine. Mama sasa alianza kumtazama Cheche tena. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, na kila mmoja alimhesabia mwenzake nyayo.

Hapo Mama akampigia simu Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa fundi wa kompyuta katika hospitali. Shangazi alikuja Jumamosi na mkoba wake wa vifaa, akaketi, akauliza swali moja: tatizo lilianza lini, na kabla ya hapo nini kilibadilika?

Mama akaanza habari ya mdogo wake. Jinsi alivyokuja, jinsi alivyonyamaza, simu ya nyuma ya ukuta. Shangazi alimsikiliza kwa muda, kisha akainua mkono.

"Wifi, mimi sikuja kumtibu ndugu yako. Nimeuliza habari za kompyuta."

Shangazi akaanza kazi. Kwanza kabisa alinakili ramani zote kwenye diski nyingine aliyokuja nayo, kwa sababu, alisema, hufanyi majaribio juu ya kitu ambacho huna kingine. Kazi hiyo peke yake ilikula asubuhi. Kisha akatazama kama diski imejaa. Haikujaa, nusu yake ilikuwa wazi. Akatazama programu zinazojiwasha zenyewe na kuila kompyuta kimyakimya, akazima mbili zisizo na faida. Hali ikabaki vile vile. Michezo ya Cheche ilikuwa midogo, haikuwa na hatia yoyote, na Cheche akashusha pumzi. Shangazi akatafuta virusi. Hakupata hata kimoja.

"Flashi," Cheche akasema. Alikuwa ameiokota chini ya kitanda cha Mjomba alipotumwa kufagia, na Mama alikuwa ameifungia kabatini, akiogopa kuichomeka. Alikuwa na hakika kwamba ugonjwa umo humo.

Shangazi aliichomeka na kuichunguza. Ilikuwa safi. Akamtazama Mama, Mama akaitikia kwa kichwa, na Shangazi akaifungua. Ndani yake mlikuwa na picha za alama za barabarani: pembetatu, duara, mishale, treni. Mlikuwa na maswali ya mtihani wa leseni ya kuendesha mabasi ya abiria, na majibu ambayo mtu alikuwa akiyajaza tena na tena, makosa yakipungua kila mara. Hapakuwa na ramani hata moja.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi. Bado sijazipata zote, Cheche akakumbuka; kumbe ni alama hizi.

Shangazi hakungoja. Alifungua ukurasa ambamo kompyuta huandika matatizo yake yenyewe, akauonyesha kwa kidole. Diski yenyewe ilikuwa nzima. Lakini kila mara ilipotuma kitu, kilifika kimeharibika njiani, na kompyuta ikakiomba upya. Baada ya makosa mengi ikaamua kwenda kwa mwendo wa kinyonga ili isikosee. Tatizo, alisema, liko barabarani, si kwa dereva.

Akazima umeme, akalala chali chini ya meza kama fundi wa magari, akafungua skrubu za ubavuni kwa bisibisi. Alipotoa kifuniko aliguna. Waya bapa unaotoka kwenye diski ulikuwa umebanwa na kifuniko hicho hicho. Ulikuwa umekunjika, na kwenye mkunjo ngozi yake ilikuwa imepasuka.

"Nani alifungua sanduku hili?" akauliza.

Cheche alijua si yeye. Mjomba hakuwahi hata kugusa bisibisi ndani ya nyumba ile. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye. Vumbi lilikuwa limezidi, feni ikawa inapiga kelele, akafungua akasafisha kwa brashi laini, akafunga. Kifuniko kilikataa kidogo kuingia, akakisukuma kwa goti. Ilikuwa karibu na siku zile zile mambo yalipoanza kuharibika. Hakuwahi kuyaunganisha, kwa sababu alikuwa amesafisha, na msafishaji hajidhanii.

Shangazi alitoa waya mwingine kwenye mkoba, akauchomeka, akaupitisha mahali pasipobanwa. Akawasha kompyuta na kuirudishia mwendo wake wa kawaida. Mama akabofya ramani ya zahanati. Ilifunguka kabla hajauondoa mkono kwenye kipanya: chumba cha daktari, chumba cha sindano, choo, baraza. Ilikuwa habari njema, lakini hakuna aliyefurahi.

"Mama," Cheche akasema. "Mjomba hakusema ramani. Alisema zote tu. Ramani nilisema mimi."

Alingoja kofi au karipio. Mama akatafuta viatu vyake. "Vaa," akasema. "Twende ukamwambie mwenyewe. Na mimi nina langu la kumwambia."

Walimkuta Mjomba karakanani, ameketi juu ya tairi kuukuu, akimshikia rafiki yake gurudumu. Mama hakumwita pembeni. Alimwomba radhi pale pale mbele ya fundi na wateja, akamweleza habari ya kifuniko na goti lake. Cheche akafuata. Alisema neno lake, lile moja, na alipolisema lilionekana dogo mno kuweza kumtoa mtu mzima nyumbani.

Mjomba aliendelea kuzungusha gurudumu. Alieleza, bila kumtazama yeyote, kwamba alikuwa ameanguka mtihani ule mara ya kwanza. Dereva mzee wa malori, kuangushwa na picha za alama! Aliona haya. Alitaka kumwambia dada yake siku ambayo atakuwa na leseni mkononi. Kisha akamgeukia Cheche.

"Masikio yako ni mazuri," akasema. "Uliyoyasikia niliyasema kweli. Kipanya nilikihamisha mimi, kiti nilikishusha mimi. Ungeyapeleka hayo tu kwa mama yako, angeniuliza, nami ningemjibu. Lakini ulitaka yakubaliwe, ukayatia chumvi. Mimi sikufukuzwa na kweli, mwanangu. Nilifukuzwa na chumvi."

Cheche akalia, si kwa sauti. Mjomba akamwacha alie mpaka mwisho, kisha akampa kitambaa chenye harufu ya mpira afute uso.

Hakurudi siku hiyo. Alisema atamalizia kwanza kazi aliyomwahidi rafiki yake, na Mama hakumsihi. Alirudi siku mbili kabla ya mtihani, na mkoba wake ule ule. Alasiri zote mbili Cheche alikaa kando yake mbele ya kompyuta, ambayo Mama aliwafungulia, akimsomea maswali, na mahali alipokosea hakumsaidia wala hakumficha.

Mama aliwakuta hapo aliporudi kutoka kuipeleka ramani kwa mjenzi. Akasimama mlangoni. Akawaambia neno la siri la kompyuta, wote wawili, kisha akasema jambo alilokuwa akilifikiria njia nzima.

"Kitu kikiharibika humu ndani, tutaanza kuuliza kimeharibikaje. Tusianze na nani. Mimi nilianza na nani, na jibu lilikuwa chini ya goti langu mwenyewe."

Mjomba akaitikia. Cheche akaitikia. Kisha akageukia kioo na kusoma swali lililofuata.