Kigoda Chini ya Kitanda cha Mchicha

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajapiga hodi kutaka kusukwa nywele, Msusi alikuwa na kazi tatu. Awashe jiko, alishe samaki, amtafute mama mkwe wake. Hiyo ya tatu ilikuwa nyepesi kuliko zote. Bibi alikuwa bandani.

"Mama, umeamkaje?"

"Mimi nimeamka. Magoti ndiyo bado yamelala," Bibi alijibu kutoka chini ya kitanda cha mchicha.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kidogo kilichojaa vifusi vya ujenzi. Ardhi ile ilikuwa bahili. Ukipanda mchicha, unavuna vipande vya matofali. Kwa hiyo mume wa Msusi aliposikia kwamba watu wanafuga samaki na kupanda mboga pamoja bila kuhitaji udongo, hakulala vizuri tena. Samaki wanachafua maji. Pampu inayapandisha maji hayo kwenye kokoto zilizopandwa mboga. Vijidudu vidogo visivyoonekana, vinavyoishi kwenye kokoto, vinageuza uchafu kuwa chakula cha mizizi. Maji yanarudi kwa samaki yakiwa yamesafika.

"Kumbe mboga inapandwa kwenye kitanda," mume alisema. "Basi kazi imemkuta mwenyewe."

Alikuwa seremala, tena wa vitanda. Mtaa mzima ulilala juu ya kazi ya mikono yake. Akatengeneza kitanda kirefu cha mbao chenye miguu minne na chaga imara, akakizungushia ubao, akatandika nailoni ndani. Ili kuokoa nafasi, akakiinua juu, nusu yake ikalifunika tangi la samaki. Kisha akajenga banda la nailoni angavu kuzunguka kila kitu, mboga zipate joto na wadudu wabaki nje.

Kitanda alikijaribu kama anavyojaribu vitanda vyote. Alipanda yeye, akapanda mkewe, akapanda binti yao, na Bibi akasaidiwa kupanda, huku akisema kwamba tangu aolewe hajawahi kuitwa kitandani na watu wengi namna hii. Walicheka mpaka machozi. Kitanda hakikulia hata kidogo.

"Mmeona?" Seremala alisema. "Kimebeba familia nzima."

Ndipo akajaza kokoto, akafungulia maji.

Ile nusu ya pili ya kitanda, isiyo juu ya tangi, ilikuwa na uvungu mzuri. Bandani kulikuwa na joto, na uvunguni kulikuwa na kivuli. Bibi aliweka kigoda chake hapo. Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kitu cha kwanza mwanawe alichotengeneza alipokuwa bado anajifunza kazi. Aliketi hapo kila siku akichambua maharage na kusikiliza maji yanavyodondoka. Magoti yake yalipenda joto lile.

Katika nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mtaalamu wa ufugaji wa samaki. Majirani walimwita Mama Kipimo, kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikipime. Msusi aliwahi kushauri aitwe kabla ya ujenzi.

"Yule akija atapima hata pumzi zetu," Seremala alijibu. "Kitanda mimi nifundishwe na nani?"

Msusi alinyamaza. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kule.

Asubuhi moja yenye jua kali, Msusi alikwenda kulisha samaki akawakuta wote juu ya maji. Walikuwa wamefungua midomo, wanahema. Aliingiza mkono tangini. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuoga. Hakumwambia mtu, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kipimo.

"Nisamehe, jirani. Tulipaswa kuja kabla."

"Kuuliza si ujinga, hata ukichelewa," Mama Kipimo alisema, akachukua mkoba wake.

Alifika mlangoni mwa banda, akasimama. Msusi alidhani anatazama samaki. Hakuwa anatazama samaki. Alikuwa anatazama mguu wa kitanda ulio karibu na Bibi. Maji yaliyokuwa yakivuja kidogo kidogo yalikuwa yamelainisha ardhi, na mguu ulikuwa umezama kwenye tope. Juu yake ubao ulikuwa na ufa mwembamba.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Kipimo kwa sauti ya polepole sana.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Naomba utoke nje, mama. Sasa hivi."

"Kuna nini? Maharage sijamaliza."

"Maharage yaache hapo. Jirani, mshike mkono."

Sauti ile ndiyo iliyomtisha Msusi. Aliinama, akamshika Bibi, akamtoa. Bibi alitoka akinung'unika kwamba siku hizi wageni wanawatoa wenye nyumba. Kelele zikamfikia Seremala kwenye karakana yake mbele ya nyumba. Akaja na penseli sikioni.

"Fundi, kitanda hiki kinaanguka," Mama Kipimo alimwambia.

Seremala alitabasamu. "Dada yangu, nimetengeneza vitanda tangu nikiwa kijana. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuvunjika. Hiki tumelala watu wanne."

"Je, kokoto zina uzito wa watu wangapi?"

Seremala hakuwa amewahi kuulizwa swali la namna hiyo.

"Mtabishana nikiwa nimeketi," Bibi alisema. "Nitoleeni kigoda changu."

"Nakitoa mimi," alisema Seremala. "Niwaonyeshe kwamba hakuna kitu."

Akainua mguu kuingia. Mlio mdogo ukasikika, kama mtu aliyevunja kijiti jikoni. Kitanda kikainama upande mmoja, taratibu, kama kina usingizi. Kisha kikaporomoka chote. Mbao, mchicha, kokoto na maji vikashuka pamoja kwa kishindo kilichotikisa dirisha la jiko. Ukingo wa tangi ukapasuka, na samaki wakamwagika chini wakirukaruka kwenye tope.

Mahali palipokuwa na kigoda palikuwa na rundo la kokoto.

Seremala ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Samaki wangu," alisema, akataka kuruka ndani. Mama Kipimo akamkamata shati kwa nyuma, kitambaa kikachanika.

"Simama. Waya."

Wakatazama. Ekstensheni ya umeme ya pampu ilikuwa imelazwa chini, kando ya tangi, mahali ilipokuwa siku zote. Sasa maji yalikuwa yameifunika. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka ndani ya maji.

Msusi alielewa. Mama mkwe amenusurika, na mume naye alikuwa hatua moja tu kutoka kaburini. Alikimbia ndani ya nyumba, akazima swichi kuu kwa mkono mkavu, na jokofu likanyamaza. Hata hivyo Mama Kipimo hakuruhusu mtu aingie mpaka plagi ya ekstensheni ilipochomolewa ndani ya nyumba. Ndipo wakaokota samaki waliobaki hai, wakawatia kwenye pipa la maji kivulini. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Seremala hakuokota samaki. Alifukua kokoto kwa mikono mpaka akakipata kigoda. Kilikuwa bapa. Miguu yote mitatu ilikuwa imelala chini ya kiti, na maharage yalikuwa yamesagika juu yake. Akaketi kwenye tope amekishika.

"Mama alikuwa hapa," alisema. Akarudia tena, "Mama alikuwa hapa."

"Nipo huku, mwanangu," Bibi alisema. Lakini sauti yake ilitetemeka, na siku hiyo hakufanya mzaha mwingine wowote.

Wateja wa Msusi walirudishwa nyumbani nywele zikiwa nusu. Vidole vilikataa. Kila alipofumba macho aliliona lile rundo la kokoto.

Mama Kipimo aliacha siku zipite kabla ya kurudi. Alikuja na ndoo tupu, akaijaza maji ya bomba, akamkabidhi Seremala.

"Ishike kwa mkono mmoja, fundi. Unyooshe mkono."

Seremala alijaribu. Mkono ukashuka.

"Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo hii ni kilo ishirini. Na kokoto ni nzito kuliko maji. Kitanda chako kina urefu wa mita mbili, upana wa mita moja, na kina cha sentimita thelathini. Kikijaa kokoto na maji, ni zaidi ya tani moja."

"Tani?" Msusi aliuliza. "Ile ya lori?"

"Ile ile. Ni kama watu wazima kumi na watano wamelala kitanda kimoja, usiku na mchana, na hakuna anayeamka kwenda kazini."

Seremala aliweka ndoo chini. "Na mimi nikampangia mama akae uvunguni."

"Hukumpangia. Hakuna aliyepanga chochote, ndiyo shida. Ulijenga kwanza, watu wakajitafutia pa kukaa. Sasa tupange kabla ya kugusa msumari. Jirani, una jivu?"

Msusi alileta jivu la jiko. Mama Kipimo akalichota, akauliza, "Bibi anapenda kukaa wapi?"

Wote walishangaa. Walidhani angeanza na samaki.

"Penye joto," Bibi mwenyewe alijibu. "Lakini juu yangu nataka kuona mbingu tu."

Alama ya kwanza iliyochorwa kwenye kiwanja kile ikawa duara la kigoda, karibu na mlango. Kisha njia, kutoka mlangoni mpaka mwisho. Binti yao alisukuma toroli tupu ndani ya mistari ya jivu. Lilipokwama kwenye kona, wakafuta, wakachora upya. Bibi naye akapita na fimbo yake.

"Tangi linakaa wapi?" aliuliza Msusi.

"Wewe uliingiza mkono kwenye maji. Niambie."

Msusi akafikiri. "Penye kivuli. Jua lilikuwa linawapika."

"Ndiyo. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, samaki wanakosa pumzi. Mboga zinataka jua, samaki wanataka ubaridi. Basi banda la nailoni liwe la mboga peke yake. Tangi likae nje yake, kwenye ukuta wa nyumba, chini ya paa la bati. Likae chini, kwenye ardhi iliyoshindiliwa na kusawazishwa, kwa sababu likishajaa halihamishiki tena. Na banda liwe na madirisha ya wavu juu na ubavuni, hewa moto ipate pa kutokea."

"Na vitanda?" Seremala aliuliza kwa sauti ndogo.

"Viwili vifupi badala ya kimoja kirefu. Vikae juu ya safu za matofali ya saruji, si juu ya miguu minne. Uzito ukigawanywa, ardhi inauweza. Visimame kiunoni, Msusi asivunjike mgongo akichuma. Tundu la kutolea maji kitandani liwe juu kidogo ya maji ya tangi, yarudi yenyewe kwa mteremko. Pampu inafanya kazi ya kupandisha tu. Na chini ya kitanda asikae mtu, wala paka."

"Umeme je?"

"Fundi umeme aweke soketi juu ukutani, yenye kifuniko na swichi ya kujikata yenyewe hitilafu ikitokea. Waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuingia ndani yake, ili tone la maji likifuata waya lidondoke kabla halijafika. Ardhini usipite waya wowote."

Seremala hakubisha. Alizunguka kiwanja akitazama mistari ya jivu. Mwishowe alisema, "Nilidhani kupanga ni kazi ya watu wasiojua kujenga."

Walijenga polepole. Safari hii kitanda hakikujaribiwa kwa kulaliwa. Kila kimoja kilijazwa robo, kikaachwa, kikapimwa kwa pimamaji ya useremala kuona kama kimeinama. Kisha nusu. Kisha chote, banda likiwa tupu. Mama Kipimo akawazuia kutia samaki wengi kwa pupa. Walianza na wachache, wakapima uchafu wa maji kila mara, mpaka vile vijidudu vya kwenye kokoto vilipozoea kazi yao. Mchicha ukashika. Nyanya zikafuata. Samaki walizama chini kwenye maji baridi, wakawa wanapanda juu wakati wa chakula tu. Siku ya kuvua wa kwanza, Mama Kipimo alipelekewa mkubwa kuliko wote. Alimpima kwanza.

Seremala alimtengenezea mama yake kigoda kipya. Bibi alikizunguka mara mbili kabla ya kuketi.

"Hiki kimepimwa?"

"Kimepimwa, mama."

"Kwa watu kumi na watano?"

Msusi alicheka. Seremala alijaribu kucheka, ikashindikana.

Kile kigoda cha zamani hakukitupa. Alikitundika kilivyo, bapa, ukutani mwa karakana yake, juu ya meza ya kazi. Siku moja Msusi alimpelekea chai akamkuta na mteja. Mteja alitaka kichanja cha mbao cha kuwekea tangi la maji juu ya mlango wa jiko, tena haraka.

"Wewe ni fundi," mteja alisema. "Mbao nne tu na misumari. Huhitaji hata kuja kupaona."

Seremala alichomoa penseli sikioni. Hakuandika. Alionyesha ukutani.

"Unaona nini pale?"

"Ubao uliovunjika."

"Pale aliketi mama yangu," Seremala alisema. "Sasa niambie. Tangi lako ni la lita ngapi, na nani hupita chini yake?"