Pazia la Kiangazi

Tiril aliamka saa moja asubuhi, akameza kijiko chake cha mafuta ya ini la samaki huku ameziba pua, akatia kuni jikoni. Kisha akachukua simu ya mama yake na kupiga kiwanda cha samaki, kama alivyofanya jana na juzi.

"Mama bado ana mafua," alisema.

"Mafua gani haya ya wiki mbili?" aliuliza Arnfinn, msimamizi wa kazi. "Mwambie anywe kitu cha moto. Mezani kwake samaki wamerundikana mpaka wananiangalia."

Tiril alicheka kidogo ili asishukiwe, akakata simu.

Mama yake, Hege, hakuwa na mafua. Tangu jua lilipoaga kijiji cha Skarvnes mwishoni mwa Novemba, huko kaskazini ya mbali ambako halichomozi tena mpaka Januari, alikuwa akilala tu. Alikula mkate mkavu, akalia bila kuambiwa neno, akalala tena. Baba alikuwa baharini, na meli yao ingerudi siku mbili kabla ya Krismasi. Tiril alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila alipokuwa darasani alijiuliza kama mama ataamka siku hiyo.

Kilichomtisha zaidi ni maneno ya Sunniva, aliyekaa naye dawati moja. "Mama yako haonekani siku hizi, amelala kama dubu wakati wa baridi?" Sunniva alimtania. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Angalia sana. Mtoto ambaye mama yake hawezi kuamka huchukuliwa na maofisa wa ustawi wa watoto, anapelekwa kulelewa na watu ng'ambo ya ghuba."

Basi Tiril akaificha hali ya mama. Alishusha lile pazia zito jeusi ambalo kila nyumba hushusha mwezi wa Juni, jua lisipotua na watu wakashindwa kulala. Wakati wa baridi hakuna anayeligusa. Kila dirisha huwekwa nyota ya karatasi yenye taa ndani, ili mpita njia apate mwanga. Tiril aliitundika nyota yao pia, lakini aliibana kati ya kioo na pazia. Nje iliwaka vizuri. Ndani, mama alilala gizani saa sita mchana kama usiku wa manane.

Siku ya Alhamisi, hofu ilimzidi. Wakati wa chakula cha mchana alitoka shuleni bila ruhusa, akakimbia nyumbani. Mlango ulikuwa wazi.

"Mama?"

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limepoa. Koti la mama lilining'inia mahali pake, na viatu vyake vya theluji vilikuwa pale pale mlangoni. Zilizokosekana ni ndara za ndani tu.

Akiita watu, siri itatoka, naye atachukuliwa. Asipoita, je? Alitazama vile viatu. Kisha akakimbia hadi nyumba ya jirani na kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

Bibi Oddny alifungua, kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Mama hana mafua," Tiril alisema kwa pumzi moja. "Nimewadanganya wote. Hayupo. Ametoka bila viatu."

Bibi Oddny alivaa koti, akabeba blanketi mbili za sufu, akachomoa ukutani kile kiti chake chenye vyuma virefu chini, ambacho wazee husukuma juu ya barafu wakienda dukani. "Wewe tazama nyayo," alisema. "Macho yangu siku hizi yananifanyia mzaha."

Kulikuwa na mwanga ule wa buluu wa mchana, unaodumu kwa saa mbili tu kila siku, na nyayo zilionekana. Zilishuka kuelekea njia ya shule, zikaishia kwenye banda la mashua. Mama alikuwa ameketi ngazini, anatetemeka, ndara zimelowa.

"Nilitaka kuja kukuchukua shuleni," alimwambia Tiril polepole. "Nikafika hapa, miguu ikakataa. Nisamehe, mwanangu."

Bibi Oddny alimfunika, akamketisha kwenye kile kiti. "Kaa vizuri, Hege. Nimesukuma magunia ya viazi mazito kuliko wewe, tena hayakunishukuru."

Mama alitabasamu kidogo sana. Tiril alilia njia nzima.

Walipofika, Bibi Oddny alimpigia daktari, kisha akatazama dirisha. "Nyota yako niliiona," alimwambia Tiril. "Nikaona na weusi nyuma yake. Nilipaswa kuja kugonga, nikajiambia si shughuli yangu. Hapo nilikosea."

"Watanichukua?"

"Nani akuchukue? Kwa ubishi wako wangekurudisha kesho asubuhi. Wale maofisa kazi yao ya kwanza ni kusaidia nyumba, si kuivunja."

Daktari alikuja jioni ile ile. Alisema ni ugonjwa, unaowarudia watu wengine kila msimu wa giza, na wala si uvivu. Alimpa mama taa kali ya kukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, akamtaka aamke saa ile ile kila siku, atembee nje wakati wa mwanga wa buluu, na aende kuzungumza naye kila wiki. Kabla hajaondoka, Tiril alipanda kiti na kuling'oa lile pazia, kamba na vyuma vyake vyote.

Mama hakupona kwa siku moja, hata baba aliporudi. Siku nyingine alitembea hadi lango tu, akarudi. Lakini Bibi Oddny alikuja kumchukua kila saa tano na nusu, akimsimulia umbea wa kijiji kizima, na baada ya Krismasi Arnfinn alimpokea kazini kwa nusu siku.

Mwishoni mwa Januari, siku ya jua kurudi, shule nzima na watu wa kijiji walipanda kilimani na maandazi ya jamu mifukoni. Ukingo wa jua ulichungulia juu ya mlima, dakika nne tu, ukapotea. Mama alikuwa amefumba macho, uso ameuelekeza huko.

"Sikiliza, Tiril," alisema Bibi Oddny, jamu kidevuni. "Ulimpenda mama yako, ukamfungia gizani. Mtu akiumwa mguu tunamwambia daktari. Akiumwa moyo ni vivyo hivyo, na si aibu. Mzigo wa mtu mzima usiubebe peke yako. Gonga mlango mapema. Wa kwanza asipofungua, gonga wa pili."

Jioni hiyo Tiril alichukua kalenda mpya ya jikoni. Aliifunua hadi mwezi wa Oktoba, kabla giza halijaingia, akaandika kwa kalamu nyekundu: Taa ya mama.

Mama aliisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: Na daktari.